Kitalu cha asumini njia ya Dole: nshanunua mara tatu, haya ndo maoni yangu

Kuna mtu kakuuzia mche akakwambia hii asumini, ukaumwagilia miaka miwili, siku unatoa ua ukajiuliza mbona hainuki? Mie yamenikuta, na ndo mana nimekaa leo kuandika kuhusu hichi kitalu cha njia ya Dole, huku kwetu Unguja, nshanunua hapo mara tatu na kwenda nshakwenda zaidi ya hapo, naona nna la kusema.

Kwanza yalonikuta. Nlinunua mche mjini kwa muuzaji wa barabarani, elfu saba, majani yanang'ara, kaniapia kuwa ni asumini ya kienyeji. Nkautia kwenye debe nkaulea. Ulipotoa ua ni jeupe, zuri kulitazama, petali zimepinda upande mmoja kama pangaboi, lakini ukilinusa mchana ni kama unanusa karatasi. Nkafikiri labda udongo, nkatia samadi, nkangoja tena msimu mzima. Bibi wa kitalu ndo alonizindua. Nlimpelekea tawi, ua hata hakulitazama, kavunja jani tu yakatoka maziwa meupe yakamganda kidoleni, akasema "mwanangu, asumini haina maziwa." Basi. Ule mti kitaalamu unaitwa Tabernaemontana na wala si ukoo mmoja na asumini. Kipimo hicho kishikeni jamani, ni cha nukta moja na hakina gharama, vunja jani kabla hujatoa pesa yako.

Mie asumini siitaki kwa kupamba uwanja tu. Nyumba yetu ya Kikwajuni ilikuwa na mti mmoja pembeni ya mfereji, mama alikuwa akichuma alasiri wakati vitumba bado vimefumba, anaviweka kwenye sinia juu ya kitambaa kimaji, magharibi vikianza kufunguka anakaa barazani anatunga. Siku za harusi anafunga vikuba, asumini na mrehani na mkadi, na kilua kikipatikana, nyumba nzima inanuka mpaka kesho yake. Mwaka 2009 nyumba ilipovunjwa ijengwe upya mafundi wakaukata ule mti, na hakuna hata mmoja wetu alokumbuka kuchukua japo tawi. Mama keshafariki, Mungu amrehemu. Kwahiyo nlipokwenda kule kitaluni nlikuwa naitaka asumini ile ile, na hilo ndo nlilomwambia yule bibi siku ya kwanza.

Kitalu chenyewe hakina bango wala ukurasa mtandaoni. Utakijua kwa mkilua mkubwa ulioko mlangoni (na mkilua huo, wataalamu wamelichukua jina letu hivyo hivyo, kitaalamu unaitwa Mkilua fragrans, neno la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vyao bila kuguswa herufi, mie lilinifurahisha sana hilo nlipolijua). Ndani kumeezekwa makuti machache machache jua lipenye, miche iko kwenye viriba, makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka. Kila aina ina safu yake, na kati ya safu na safu kaacha njia pana ya kupita mtu. Nkamuuliza mbona unapoteza nafasi yote hii, akanionesha tawi moja la asumini lililolala chini: ukiliacha linatia mizizi kwenye kiriba cha jirani, baada ya miezi sita una mche usioujua mamake. Sehemu nyengine nlizopita wanabananisha miche kama watu kwenye daladala, halafu unauliza hii ipi, unaambiwa zote asumini.

Vibandiko vyake ndo vilonimaliza kabisa. Anakata kopo la soda vipande virefu vyembamba kama kidole, anaandika kwa ncha ya msumari akikandamiza, halafu anakifunga shinani kwa waya uliolegea usije ukakaba mche ukinenepa. Anasema zamani akiandika kwa kalamu ya wino kwenye plastiki, jua la kaskazi moja likafuta safu nzima. Miche thelathini na kitu ikabaki haina majina, na hakuiuza mpaka ilipotoa maua akaitambua upya mmoja mmoja. Mfanyabiashara mwengine angebandika jina lolote akauza siku ile ile.

Sasa aina zenyewe, mana hapa ndo watu wengi tunachanganyikiwa. Asumini hii yetu ya kutunga, kitaalamu Jasminum sambac, ina sura kadhaa na zote zinanukia vizuri, ukifumba macho kuzitenganisha ni kazi. Majina anayotumia ni yake mwenyewe, lakini tofauti anazokuonesha ni za kweli, mie nimezihakikisha kwangu.

Iko anayoiita Moja. Petali ni tabaka moja tu, pana, za mviringo, mara tano mara nane, ua jepesi lina kibomba chembamba chini ambacho sindano inapita bila kuchana. Huko nje inauzwa kwa jina la Maid of Orleans. Inakua haraka na inatoa sana.

Iko Ya Wete, kaiita hivyo kwa sababu mche wa kwanza aliletewa kutoka Wete, Pemba. Petali zake ni nyembamba na ndefu kidogo, tabaka mbili mpaka tatu, na kitu cha kuijua ni kuwa mti huo huo mmoja leo unaweza kukupa ua lililojaa na kesho ua jepesi, kwahiyo mtu akikuonesha ua moja tu akakwambia hii ndo hii usimkubalie. Nje wanaiita Belle of India.

Halafu iko Waridi. Hii petali zimefungana kama kiwaridi kidogo, nzito, ua moja linajaza kitovu cha kiganja. Nje ina jina kubwa, Grand Duke of Tuscany, yani mtawala wa Tuscany huko Italia. Ukitaka kuijua kabla ya ua tazama majani, mara nyingi yanatoka matatu matatu kwenye pingili moja yakiizunguka, wakati zile nyengine aghlabu yanatoka mawili mawili yakitazamana. Inakua polepole mno, mche wa mwaka mzima bado mfupi, na ndo mana bei yake iko juu. Na kutunga haitungiki vizuri, ni ya kuchomeka moja kwenye nywele au kuiweka kwenye bakuli la maji chumbani.

Kwenye ua wa nyuma ana afu, ile asumini ya porini. Jani lake limegawika vijani vitatu, huwezi kukosea. Jina lake la kitaalamu ni Jasminum fluminense, na hiyo fluminense maana yake ya Rio de Janeiro! Mmea asili yake ni huku kwetu Afrika, ila mtaalamu alouandika aliukuta Brazil, akauita wa huko, na mpaka leo jina ndo hilo. Bibi nlipomhadithia alinyamaza kwanza halafu akasema ndo mana yeye haandiki jina mpaka aulize mche umetoka wapi.

Turudi kwa asumini ya mama. Nlidhani nitamuonesha picha atanijibu. Nnayo picha moja ya harusi ya mwaka 1994, mama kavaa kikuba kifuani, nkaikuza kwenye simu mpaka ikawa vidoti. Akaitazama kwa heshima tu akasema picha haisemi. Akaanza kuniuliza yeye. Mamako alikuwa akizitunga au akizichomeka? Akizitunga. Basi Waridi tuitoe. Asubuhi maua yalikuwa juu ya mti au chini? Chini, mie ndo nlikuwa nafagia kabla ya kwenda skuli, mengine yamegeuka rangi kama ya zambarau iliyopauka. Mti ulisimama wenyewe au uliegemea? Uliegemea bomba la mfereji. Petali nyembamba au pana? Hapo nkakwama. Miaka yote nimefagia maua yale na siwezi kusema petali yake ilikuwaje, nlijisikia vibaya kweli. Hakunikimbiza, kaniletea kiti nikae, akawa anamwagilia huku ananiuliza mengine, sinia ilikuwa kubwa kiasi gani, koja moja lilikula maua mangapi.

Mwisho kanipa Moja, elfu tano, akasema wazi kuwa hana hakika: "Nenda nayo, ikitoa ua mpelekee mtu mzima alomjua mamako. Akikataa, rudi nayo nitakubadilishia." Nlichukulia maneno ya biashara tu.

Ikatoa ua vuli ile ile. Nkachuma vitatu nkampelekea mama mdogo Jang'ombe. Akaweka kimoja kiganjani, akafungua petali kwa ukucha taratibu akizihesabu, akanitazama. "Ya dada ilikuwa na kifua. Hii nyepesi." Nkarudi Dole na mche wangu mkubwa kuliko nlivyoununua, ushatoa maua, na nlikuwa nshajiandaa kubishana. Hakuuliza hata swali la pili. Akaupokea, akaukagua chini ya majani kama una vidudu, akauweka peke yake mbali na safu, akanipa Ya Wete, nkaongeza elfu tatu tu ya tofauti ya bei. Huduma kama hiyo madukani mjini siioni, ukirudisha kitu unatazamwa kama mwizi.

Nlimhadithia wifi yangu alioko Uingereza, akanambia kwao kuna watu wako hivyo hivyo na kiua kidogo cheupe kinaitwa galanthusi, kinatoka ardhini kwenye baridi kali ya mwezi wa kwanza na wa pili kikiinamisha kichwa. Kwa mbali vyote ni sawa, tofauti iko kwenye alama ya kijani au ya manjano kwenye petali za ndani, na watu wanapiga magoti kwenye tope wanainua kiua kwa kidole watazame ndani. Kila chenye alama ya peke yake kina jina lake, na mwaka 2015 kitunguu kimoja tu cha aina inayoitwa Golden Fleece kilinunuliwa paundi 1,390. Mie nlishangaa bei, lakini kule kuinua ua kwa kidole sikushangaa, mana bibi wetu ndo anavyofanya, analishika kwa chini kwenye kikonyo asiliguse petali, analipindua, anatazama vile vijani vyembamba vya kijani vilivyoko chini yake kwanza ndo aje kwenye petali.

Mama mdogo baadae akakumbuka kuwa jirani yetu mmoja wa zamani, alohamia Mpendae, aliwahi kumuomba mama tawi. Tukaenda. Mti upo! Nyuma ya jiko, umezeeka, umejaa matawi makavu, lakini upo. Nlilia pale pale mbele ya watu. Tukakata vipandikizi vitano, vya ukubwa wa penseli, vyenye pingili tatu tatu, nkavifunga kwenye gazeti la maji pamoja na maua kumi, moja kwa moja Dole.

Hapa ndo nataka muone anavyofanya kazi huyu mtu. Kachukua sinia, kapanga maua yangu upande mmoja na ya safu ya Ya Wete upande mwengine. Kahesabu petali za maua matano kila upande, mana moja linadanganya. Akalinganisha kibomba, akalinganisha jani na jani, akalishika juu ya mwanga aone mishipa. Mie nshajua moyoni mwangu kuwa hii ni ya peke yake, asumini ya Kikwajuni, nkamwambia bibi andika basi, andika Kikwajuni. Akasema bado. Akavipanda vile vipandikizi kwenye udongo ule ule, jua lile lile, pembeni ya Ya Wete, nkangoja tangu mwisho wa masika mpaka vuli, miezi na miezi, na kila nikienda nauliza na jibu ni bado.

Alipokuwa tayari alinipigia. Zilikuwa zimetoa zote mbili, na kwa kweli hata mie mwenyewe sikuweza kusema ipi ni ipi alipozichanganya kwenye kiganja. Ni moja. Asumini ya mama ni Ya Wete, au Ya Wete ni ya mama, sijui ilisafiri vipi. Nkamuomba hata hivyo aandike Kikwajuni kwenye ile yangu. Akakataa, kwa upole lakini akakataa: "Jina la kwanza ndo jina, mwanangu. Nikiandika mawili watu watanunua mti mmoja mara mbili."

Siku ile nlirudi nyumbani roho imenisononeka, siwezi kusema uongo. Lakini nlipokaa nkaona kuwa kwa neno hilo moja kaniacha bila shaka yoyote juu ya kila kibandiko kilichomo mle ndani. Na hata wataalamu ndo wanavyofanya: Linnaeus mwaka 1753 aliiweka asumini hii kwenye kundi jengine akaiita Nyctanthes sambac, mwaka 1789 Aiton akaihamishia kwenye Jasminum, kundi likabadilika lakini lile sambac, linalotokana na neno la Kiarabu zanbaq, halikuguswa. Alichokubali bibi ni kugeuza kibandiko nyuma akaandika kwa msumari "pia Kikwajuni, nyumba ya mfereji". Kinang'ara kwenye debe langu sasa hivi.

Kabla hajakuuzia atakuuliza unakaa wapi na udongo wako ni upi, mchanga, kinongo au kinamo, na watu wa maweni anawaambia wapande kwenye debe kubwa kabisa kuliko kuhangaika kutoboa jiwe. Udongo wa kinongo uliochanganywa na samadi iliyooza anakuuzia kiroba elfu tatu. Ushauri wake wa kupogoa ufuateni hata kama mkono unakuuma, mana asumini inatoa ua kwenye tawi jipya, mie nlikata theluthi nzima baada ya msimu na maua yalorudi sijawahi kuyaona kwenye debe. Jua iwe nalo japo nusu ya siku, kwenye kivuli utapata majani tu.

Kasoro zipo. Kufungua anafungua akipenda, nshafika mara mbili nkakuta mlango una kufuli, na simu saa nyengine haipokei mpaka usiku. Malipo ya simu hataki, chukua pesa mkononi. Miche yake ni midogo, ukitaka mti mkubwa wa kuweka mlangoni siku hiyo hiyo utatoka mikono mitupu. Na Waridi kwa elfu ishirini ni ghali, nilinunua moja kumpa binti yangu aloolewa, mwaka wa pili huu nao umetoa maua manne, ingawa hayo manne watu walikuja kuyatazama. Miche michache ya nyuma nliiona ina vidudu vyeupe kwenye makwapa ya majani, yeye mwenyewe alikataa kuniuzia hiyo, lakini ingekuwa vizuri akaitenga mbali zaidi.

Bei nyengine: Moja elfu tano, Ya Wete elfu nane, afu na mrehani anakupa bure ukinunua. Mkilua uulizie mapema, hauko kila wakati. Nendeni alasiri baada ya saa kumi, vitumba vinakuwa vishanenepa na atakupasulia kimoja uone ndani. Na kama nyumbani kwenu kuna asumini ya zamani msiyoijua, chukueni tawi na maua matano, si moja, mfunge kwenye gazeti lenye maji, na mkumbuke kumuuliza mtu mzima mti uliletwa kutoka wapi, mana hilo ndo swali lake la kwanza.